Homoni si za Wanawake Peke Yao

Mwanangu Zuhura,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu. Wala sitakuandikia habari za kufunga mlango wa chumba cha kupanga na kutompa mtu simu yako stendi. Hayo mama yako ameyasema tangu siku ulipopangiwa kituo, na akisahau moja atakupigia kabla basi halijafika Lamadi. Nataka kukuandikia lile tunaloshindwa kulizungumza mezani bila wewe kuinuka na sahani yako.

Jioni uliponiletea chai, kikombe kilikuwa kinagonga kisosi. Nikakitazama. Ukaona nimekitazama, ukaingiza mkono ndani ya kanga. Nikakuuliza kama utapima kabla ya kwenda Songea, ukasema, "Baba, ni mawazo tu. Nikifika nikazoea shule, yataisha." Nikasema neno, ukasema neno, mama yako akatugombeza wote wawili, ukaenda kulala bila kuniaga. Sina hasira nawe. Nina hofu, na hofu yangu ikipita mdomoni inatoka kama hasira, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwenye karatasi angalau husikii sauti yangu ikipanda.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho utalala Mwanza kwa mama yako mdogo, na basi la kwenda kusini linaondoka asubuhi inayofuata. Una mchana mzima pale. Umeupangia kununua sufuria, ndoo na pazia. Mimi nauomba mchana huo. Nauomba uende hospitali ukatoe damu, wapime tezi ya shingo. Sina ombi lingine katika barua hii.

Ugonjwa wangu unaujua kwa jina. Hujui nilivyofika mpaka kupewa hilo jina, kwa sababu sikukuambia, na sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Baba kumwambia binti yake habari za homoni! Hata sasa nimefuta mara mbili. Nilimwomba mama yako akueleze yeye, akanijibu, "Ugonjwa wako, mwambie mwenyewe."

Ulikuwa kidato cha pili. Vibanda vya kando ya barabara hapa Bunda vilipigwa alama nyekundu ya kubomolewa, changu kikiwemo. Kinyozi bila kibanda ni mtu mwenye mashine mkononi anayezunguka mtaani. Nikaanza kuamka moyo ukidunda hadi shingoni, nikakaa kitandani nikihema kama niliyepanda mlima. Nikajiambia ni mawazo ya kibanda. Kila niliyemwambia alisema ni mawazo ya kibanda. Mama Sauda, yule wa vitenge aliyekuwa jirani yangu, alikuwa na uhakika kuliko wote.

"Hiyo presha hiyo, Hamisi," akaniambia. "Mimi nilikuwaga hivyohivyo mume wangu alipoondoka. Kunywa maji mengi, punguza chumvi, muachie Mungu."

Nikaipenda hiyo presha. Ni neno lenye heshima, mwanangu. Mwanaume anaruhusiwa kuwa na presha. Akiitaja kijiweni watu wanamsogezea kiti na kumwambia asijitese sana na majukumu. Nilikaa hapo nikipewa pole na kikombe cha kahawa chungu, kisha kingine, kwa kuwa nilikuwa sipati usingizi na nilihitaji nguvu za kusimama. Hakuna aliyejua, mimi wa kwanza, kwamba ile kahawa ilikuwa inamchapa punda ambaye tayari anakimbia.

Nikaanza kukonda. Nilikuwa nakula kuliko fundi wa matofali, na bado mkanda unaingia tundu jingine. Nilitoka jasho wakati wateja wangu wamevaa makoti ya mvua. Mji wetu mdogo, unajua mtu akikonda hapa anasemwaje. Wateja wawili watatu walianza kuja na wembe wao kutoka dukani, ukiwa bado kwenye karatasi yake. Nikawanyoa.

Mwishowe nikaenda zahanati, nikitegemea kuambiwa presha nirudi zangu. Nikamkuta binti mmoja, umri wake kama wako wa sasa. Alinishika mkono, akahesabu akiangalia saa yake. Akaninyooshea vidole niviangalie, akanitazama macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, mlango uko wazi na benchi la wagonjwa limejaa:

"Baba, hii isije ikawa homoni. Nakuandikia uende Musoma wakakupime."

Halafu mzee mmoja aliyekaa na fimbo yake pale nje akauliza, wala hakuwa na ubaya, "Homoni? Si wanawake ndo wanakuwaga nazo?"

Na mwingine akamjibu, "Au nyumbani mambo yamelala, si unajua tena."

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka, ndiyo, nilicheka nao. Nikaikunja ile karatasi ya rufaa, na nilipofika kona ya soko nikaitupa mtaroni.

Nataka unielewe hapa, maana ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa hapa kwetu hasa. Neno homoni sisi tulilijua sehemu mbili tu. Kwanza, sindano za uzazi wa mpango, ambazo mama zenu walizungumza kwa kunong'ona. Pili, yule muuza dawa wa stendi mwenye spika, anayetangaza kurudisha heshima ya ndoa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba shingoni pangu kuna tezi, na kwamba hiyo tezi nayo inatoa homoni, ya kwako, ya kwangu na ya yule mzee wa fimbo. Binti wa zahanati aliniambia ukweli mtupu na mimi nikasikia tusi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako, "Wamesema presha." Mama yako aliniamini. Angejua, angenivuta kwa kola hadi Musoma siku ileile.

Miezi iliyofuata ndiyo unayoikumbuka wewe. Nilipiga meza kwa sababu ya redio mpaka bakuli la dagaa likamwagika, na redio yenyewe ilikuwa imefunguliwa kidogo tu. Nilikuita mjinga kwa hesabu ambayo hata mimi nisingeiweza. Ukaomba kwenda Kisorya likizo nzima, ukasema unamsaidia bibi kuanika dagaa. Nilijua unanikimbia. Daktari aliniambia baadaye kwamba ugonjwa ule unampa mtu hasira za karibu, na nilifurahi kusikia hivyo, nikataka kuja kukuambia, "Unaona? Haikuwa mimi." Sikuja. Hasira ilikuwa ya tezi, lakini kunyamaza kulikuwa uamuzi wangu mwenyewe, na kimya changu ndicho kilichoipa tezi muda wa kukufokea vile. Unisamehe kwa hilo.

Katika kipindi hicho watu wa halmashauri wakanipa sehemu mpya nyuma ya soko, nzuri kuliko ya mwanzo. Mawazo ya kibanda yakaisha. Moyo haukuwa na habari. Uliendelea kukimbia vilevile, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini, nikatafuta wazo jingine la kuusingizia. Nikasema ni ada yako. Ada ilipolipwa nikasema ni joto.

Halafu ikaja Butiama. Kulikuwa na familia moja niliyoinyoa miaka mingi, baba na watoto. Baba akafariki, wakaniita siku ya kumaliza msiba ninyoe wafiwa, kama ilivyo kawaida yao. Ni kazi ya heshima. Mtu hamwiti kinyozi asiyemwamini kuja kugusa kichwa cha mjane. Nikaenda na wembe mpya. Mjane akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, watu wamezunguka, na mkono wangu ukaanza.

Nilijaribu kuubana kiwiko kwenye mbavu. Nilijaribu kushika pumzi. Wembe ukamkata juu ya sikio, damu ikateremka kwenye kitenge chake cha msiba. Yeye hakusema kitu, aliinua tu mkono akagusa pale. Shemeji yake akanishika kifundo cha mkono, akausogeza uso wake karibu na wangu anuse.

"Hamisi, umekunywa?"

"Sijanywa. Unanijua mimi."

"Nilikuwaga nakujua. Sasa mbona unatetemeka hivi mbele ya watu?"

Jibu lilikuwepo, Zuhura, nilikuwa nimelitupa mtaroni. Mimi ambaye sijawahi kuonja pombe maishani, niliona heri wadhani nimelewa kuliko kusema neno moja lililochekwa pale zahanati. Shemeji akauchukua wembe, akampa mtu mwingine amalizie. Na bado walinipa chakula, maana ni watu wastaarabu, nikala peke yangu upande.

Njiani kurudi moyo ukabadilika. Haukuwa unakimbia tu, ulikuwa umepotea njia. Unadunda haraka haraka, unanyamaza, unashtuka, unadunda tena bila mpangilio. Nikakaa kando ya barabara, kifua kimebana, macho yanaingia giza. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba nikifia pale watakaoniokota watasema ni yule kinyozi mlevi, na wewe utakua ukiambiwa hivyo. Kesho yake nilikuwa Musoma.

Daktari niliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno. Alinipa maji kwenye kikombe akasema nimeze, huku ananitazama koo.

"Kazi yako nini?"

"Kinyozi."

"Unanyoa mbele ya kioo?"

"Ndiyo, daktari."

"Na shingo yako hujaiona?"

Nilipotoka nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa pale nje. Uvimbe ulikuwepo, mpana, umekaa wazi kabisa chini ya koromeo. Shingo za wanaume wa Bunda nazijua karibu zote, nani ana kovu, nani ana vipele, nani anaota ndevu hadi kifuani. Yangu ilikuwa mbele yangu kwenye kioo kutwa nzima, na sikuwahi kuiangalia.

Walipima damu, majibu yakathibitisha. Nikamuuliza yule daktari kuhusu mawazo. Nilitaka kujua kama watu wote wale walinidanganya. Akasema hapana, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu wewe ni mwalimu na utaelewa vizuri kuliko mimi.

Alisema hofu nayo inafanya kazi kwa homoni. Mtu akiogopa, mwili unamwaga homoni zake za kukimbia hatari, na moyo unadunda. Hatari ikipita, zinashuka. Tezi ya shingo ina homoni yake nyingine, inayoupa mwili wote mwendo. Hiyo ikizidi, moyo unakimbia wenyewe, na zaidi ya hapo unakuwa mwepesi kushtuka, kiasi kwamba hofu ndogo inaupiga kama kubwa. Na kuna watu, hasa wenye ugonjwa huu katika ukoo, ambao mawazo mazito ya muda mrefu yanaweza kuwa ndiyo yaliyoiamsha tezi. Kwa hiyo mawazo yanasukuma tezi, tezi inasukuma mawazo, na aliye katikati hawezi kujua kwa kujisikia tu ni lipi lilianza. Damu ndiyo inayojua.

"Ungeendelea hivi," akaniambia, "moyo ungechoka. Moyo sio mashine ya kunyolea, ukizima huendi dukani."

Nilianza dawa. Mikono ilitulia kabla mwezi haujaisha, mwili ukarudi taratibu, na ule mdundo wa ovyo uliwachukua madaktari muda kuutuliza. Hadi leo naenda kupimwa. Watu walirudi kunyoa. Kwa yule mjane nilikwenda na mama yako, nikamweleza neno kwa neno, homoni na yote. Akasema, "Ungesema siku ile, ningeshika wembe mwenyewe." Tulicheka, na safari hii nilicheka kwa moyo.

Sasa tuje kwako.

Ulikaa nyumbani miaka ukisubiri ajira. Ulipoanza kuamka moyo ukidunda, tukasema ni mawazo ya ajira. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mimi, baada ya yote hayo niliyokusimulia! Nilikupa pole na kikombe cha kahawa. Sikutaka iwe kile kitu, ndiyo maana sikukitazama. Halafu ajira ikatoka, tukapiga vigelegele, mama yako akachinja kuku. Nikangoja moyo wako utulie. Haujatulia. Unakula ugali wa watu wawili na gauni lako la Idi linakuning'inia mabegani. Unafungua dirisha wakati wadogo zako wanagombania blanketi. Nywele zako zinabaki kwenye kitana. Mama yako ameniambia kwamba na mambo yako ya mwezi yamebadilika, nikatazama ukutani, lakini nilisikia.

Huenda nimekosea. Inaweza kuwa upungufu wa damu. Inaweza kuwa ni mawazo kweli, nayo si kitu cha kudharau, yana matibabu yake. Majibu yakitoka salama, unicheke mpaka nizeeke, uwasimulie walimu wenzako una baba mwoga. Nitafurahi sana kuwa huyo baba.

Najua unachoogopa. Ulimwambia mama yako, "Wakijua naumwa, hawatanipokea." Nakuelewa, na siwezi kukuahidi jinsi watu watakavyokutazama. Mimi niliogopa benchi la zahanati, wewe unaogopa ofisi ya mwalimu mkuu. Lakini ugonjwa huu unatibika ukijulikana, na mwalimu anayekunywa vidonge vyake anafundisha hadi anastaafu. Kinachoniondolea usingizi ni wewe kuanguka mbele ya darasa huko, mbali na sisi, na watu wakakumiminia maji usoni wakisema ni mawazo ya ugeni. Majibu hayahitaji kukusubirisha. Mama yako mdogo atayafuata, atakupigia popote utakapokuwa.

Sasa kuna jambo nimelifanya usiku huu, na nalisema kabla hujalisikia kwa mwingine. Yule daktari alinifundisha kitu kimoja ambacho sikukisahau. Alisema moyo unaokimbia kwa mawazo, mara nyingi mwenyewe akilala fofofo nao unapumzika. Unaokimbia kwa tezi unaendelea kukimbia hata mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo nilimwomba mama yako aingie chumbani kwako, akushike mkono ukiwa umelala, ahesabu. Si vizuri kumfanyia hivyo mtu mzima. Ukitaka kugomba, gomba na mimi, yeye alikataa mara mbili kabla hajakubali.

Nimeandika ukurasa huu wa mwisho nikimngoja. Amekaa sana humo. Nilidhani umeamka.

Ametoka sasa hivi. Amefunga mlango taratibu, amekuja akakaa hapa pembeni yangu, bado ameshika saa yangu mkononi. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema amerudia kuhesabu, kisha akarudia tena, alidhani anakosea.

"Baba Zuhura, mtoto amelala kabisa. Anakoroma hata. Lakini moyo wake huko ndani unakimbia, kama kuna mtu anamfukuza."

Sufuria na ndoo nitakutumia mimi, mwanangu. Hata pazia. Wewe ukishuka Mwanza, nenda ukatoe damu.

Baba yako,
Hamisi